Mahali Patupu kwenye Kichanja cha Mpasua Mbao

Waliponiona nashuka kwenye lori hapa Njombe na sanduku la patasi, diploma nimeikunja ndani ya shati, watu walisema sitaweza. Fundi cherehani mmoja wa sokoni alisema kukereza miti, kuichonga ikizunguka, ni kazi ya Wahindi wa pwani, na kwamba kabla mvua hazijaisha nitakuwa nachonga mipini ya majembe kama mjomba wangu. Mwingine alisema hakuna mtu wa nyanda hizi atakayelipia bakuli la mti wakati kibuyu kinaota bure nyuma ya nyumba. Niliwasikia wote, na majina yao ninayo mpaka leo. Mtu mmoja tu hakusema neno, mzee mpasua mbao wa Makambako, na huyo ndiye aliyefariki majuma mawili yaliyopita. Mimi nimepata habari juzi, kutoka kwa dereva wa lori la mbao aliyekuwapo mazikoni. Aliniambia kwamba kichanja cha mzee, kile cha kukaushia mbao, kilikuwa kimejaa kama siku zote, isipokuwa mahali pamoja palipokuwa na jiwe tu, na chini ya jiwe karatasi zilizoliwa na mchwa. Wafiwa hawakujua ni karatasi za nini. Mimi najua.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua nilikotoka, ila kwa wageni nirudie. Nilikata mkonge Tanga mpaka mikono ikaota sugu, nikaenda Nairobi, nikasoma shule ya ufundi ya jioni kwa miaka minne, na ada nilijilipia mwenyewe. Nilirudi na diploma ya ukerezaji ambayo, kwa kadiri nijuavyo, hakuna mwingine aliyekuwa nayo kutoka Makambako kuja huku kusini. Kerezo langu, lile la kukanyaga kwa mguu, nililiunda kwa mikono hii. Vyuma vyake alinikopesha mwenye duka mmoja wa hapa mjini, na patasi mbili kubwa alinikopesha mwalimu mmoja wa Uwemba. Na sikukereza miti ya kila mtu. Nundu la mzeituni pori nililinyakua kwenye tanuri la matofali likiwa limeshaungua upande mmoja, nikatoa kopo ambalo mke wa Bwana Shauri, mzungu wa boma, alilipeleka kwao Uingereza. Magogo ya miwati yaliyokwisha kumenywa magome ya kutengenezea ngozi, ambayo mashamba ya wazungu huyatupa au kuyachoma makaa, niliyafanya vinara na miguu ya viti. Watu walipoona kuni, mimi niliona kazi.

Basi mti wa peasi wa kanisa moja la Makambako, uliopandwa na wamisionari wa kwanza, ukaangushwa na upepo. Upepo mkavu wa pale mnaujua. Wazee wa kanisa hawakutaka mti ule uishie jikoni, wakaniagiza mabakuli kumi na mawili ya sadaka. Shina lilipasuliwa na mzee huyu ninayemwandika, juu ya shimo lake la kupasulia, yeye akishika msumeno juu na ndugu yake chini. Nikazichukua mbao zote kuja nazo Njombe, nikazipanga ghalani kwangu kwa vijiti katikati ili hewa ipite, nikangoja mwaka mzima na nusu kama kitabu kinavyoagiza. Kabla sijaanza kukereza, mzee alipita kwangu kuleta mbao nyingine. Akaingia ghalani, akagonga ubao mmoja kwa kidole, akauliza, "Mwanangu, mti huu umewahi kulala Makambako tangu nilipoupasua?"

Nilicheka. Nilimwambia, mbele ya wateja wawili, "Baba, mbao haziendi kusalimia wakwe." Wateja wakacheka nami. Mzee akavaa kofia yake akatoka, na hilo ndilo ninalomlaumu hata leo akiwa kaburini. Alijua. Angeweza kunishika shati akaniambia. Lakini mtu aliyechekwa mara moja hana deni la kueleza mara ya pili, na mwenye kucheka nilikuwa mimi.

Mabakuli yalitoka mazuri mno. Niliyapaka nta ya nyuki, nikayapeleka mwenyewe, nikapigiwa makofi kanisani. Ilikuwa Juni. Sisi wa Njombe tunakaa ndani ya ukungu, nguo iliyoanikwa asubuhi unaianua jioni bado ina unyevu, na hatuoni ajabu; tunachokiita kikavu sisi, Makambako ni kibichi bado. Jumapili ya tatu mzee wa kanisa akaniita. Alikuwa ameyapanga mabakuli yote juu ya meza, na kati ya kumi na mawili, tisa yalikuwa na ufa kutoka ukingoni hadi kitakoni. Alichukua moja, akadondosha senti ndani, nayo ikapita ikaanguka sakafuni. "Bwana Diploma," akasema, "bakuli lako linapokea na linarudisha." Kisha akasema bila mzaha kwamba mti ule haukuwa na mwingine, kwamba waliupanda watu waliokwisha kufa, na kwamba nisipoleta mengine kabla ya Krismasi, ya peasi hiyohiyo, angelisema jambo hili madhabahuni na katika kila usharika kutoka pale hadi Bulongwa. Nani angeniagiza hata mwiko baada ya hapo? Fundi cherehani wangu angefurahi.

Nilikwenda kwa mzee kwa sababu sikuwa na kwingine. Nilipiga hodi, nikasalimu kamwene, naye akaitikia kama vile hajawahi kuchekwa. Akanipeleka kwenye kichanja. Akavuta ubao mmoja mnene na mrefu, mweusi kwa vumbi, akaniuliza ni mti gani. Niliupima kwa mkono, nikautazama, nikasema mwati. Hakucheka. Akakwangua kichwa cha ubao kwa kisu, akatema mate, akasugua kwa dole gumba. Pale penye mate pakawa pekundu kama ufizi wa mtoto, laini, bila kishimo hata kimoja. Mwati una vishimo, macho huviona. Ule ulikuwa peasi, tawi la mti uleule wa kanisa, lililovunjika miaka kumi nyuma na yeye akaliokota. Kila kiangazi alikuwa akiugeuza ubao upande mwingine kuelekea upepo.

Nikaomba aniuzie. Akasema, "Sikuuzii, nakukopesha. Utanirudishia mti uliolala hapa upeponi miaka kama huu. Kila mtu aliyechukua humu ndivyo anavyorudisha, ndiyo maana wewe umekuta."

Nilikubali haraka, kama anavyokubali mtu aliyebanwa. Mabakuli yakakerezwa, yako kanisani hadi leo, hayana ufa. Kutokana na hayo nilipata kazi za boma, za misheni, za mashamba ya wazungu. Nikanunua kerezo la mashine, la pekee mji huu. Kila mwaka nilisema kesho nitapeleka ubao mbichi Makambako uanze kuhesabu miaka yake, na kila mwaka ubao mzuri ulipata mnunuzi kwanza. Leo vijana wanakuja karakana kwangu wakitaka kiti cha mbao zilizokatwa Jumatatu, nami nawauzia, wakirudi na nyufa nawaambia ni hali ya hewa. Mzeituni pori umekwisha kwenye matanuri. Tumerudi kutoka Nairobi na Afrika ya Kusini tukijua majina ya miti kwa Kilatini, na hatuna ubao mmoja tuliouweka kwa ajili ya mtu tusiyemjua. Nimejifunza hili, nami nalisema ingawa halinipi sifa: ujuzi unaweza kuununua kwa ada, lakini miaka ya mtu mwingine ukishaitumia, hakuna duka linalouza ya kufidia.

Siku niliyowalipa wote walionikopesha nilivaa suti. Nilimlipa mwenye duka, akaandika stakabadhi. Nilimlipa mwalimu, akaniombea. Nikapanda lori hadi Makambako, nikampa mzee bahasha ya noti zenye thamani ya ubao ule mara tatu, nikasema mbele ya jirani zake kwamba sasa hakuna mtu anayenidai katika nchi hii. Mzee akaifungua, akatazama ndani, akauliza, "Miaka yangu kumi iko wapi?" Nikamwambia imo humo. Akaifunga. Akaenda nayo kwenye kichanja, akailaza mahali ulipokuwa ubao, akaokota jiwe akaliweka juu, upepo usiichukue.