Mkwe Wangu Alikunywa, Nami Nikajificha Nyuma ya Mila

Nimekosa, ndugu zangu. Naandika bila jina kwa sababu uso wa kuwatazama watu sina.

Mimi ni mkulima huku Kinyala. Mbali na migomba na chai, nachemsha majani fulani ya porini mpaka maji yabaki mazito, natia kwenye chupa, nauza Tukuyu kama lishe ya kuongeza damu. Watu wanachanganya kwenye uji.

Miezi michache iliyopita mtaalamu mmoja wa maabara alinipimia lishe hiyo. Akanieleza taratibu: "Mzee, kipimo cha kwanza kinaonyesha inaharibu vinasaba, zile chembe za urithi mwilini. Hatujajua kama inamdhuru mtu, lazima tupime tena. Kwa sasa acha kuuza. Mjamzito ndiyo kabisa, asiguse."

Nikaitikia. Halafu nikaenda kuchapisha lebo mpya: IMEPIMWA MAABARA. Si imepimwa kweli? Loo, ujanja gani ule! Wateja wakaongezeka.

Mke wa kijana wangu wa kwanza alikuwa na mimba. Siku moja mama watoto akaniambia kwa fahari, "Mkwe anakunywa ya kwako kila asubuhi. Kasoma lebo, kaamini."

Nikanyamaza!

Kwetu Wanyakyusa tulioshika ya zamani, baba mkwe hasemeshani na mke wa mwanawe. Akiniona njiani anapita pembeni, nami nageuza uso. Nikajiambia, nitamwonyaje mtu nisiyesemeshana naye? Uongo mtupu! Mke wangu nalala naye chumba kimoja. Kijana wangu tunakula sahani moja. Niliogopa biashara isije ikafa, basi.

Mimba ikatoka. Daktari akasema sababu huwa nyingi, hawezi kutaja moja. Mungu anisamehe, nilifurahi kusikia hivyo.

Baada ya siku chache mama watoto akaja: "Mkwe anasema ndaga, ahsante sana kwa kumtunza. Anaomba chupa nyingine, arudishe nguvu."

Jamani! Hapo nikashindwa, nikasema yote. Mama watoto alikaa chini palepale jikoni, akajifunika kanga usoni. Kijana wangu kamhamishia mkewe Matwebe, na salamu zangu hapokei. Chupa nimemwaga, wateja nawafuata mmoja mmoja kuwaambia waache, na wengine wananitukana. Wana haki.

Nyie mnaouza vya kunywa, mkiambiwa simameni, simameni. Nanyi mnaonunua, msiishie kuuliza kama imepimwa, ulizeni imekutwa na nini. Na ukijua jambo, mwambie mtu kabla hajanywa. Hata akiwa mkwe wako. Geuza uso, halafu piga kelele.