Mjane wa Safu ya Mbele

Simpendi mkuu wa idara yangu, na sitajisumbua kuficha. Zamani, kabla ya digrii na tai, alikuwa mwigizaji katika kikundi changu hapa Likasi. Wanawake hawakukubali kupanda jukwaani, basi yeye ndiye aliyefunga kitenge akacheza mjane. Kamatanda, Kakontwe, kote tulikopita, watu walimcheka hadi wakashika mbavu. Leo ukimkumbusha hayo ananuna.

Hatukuwahi kuandika maneno. Tulikubaliana ugomvi uanzie wapi na uishie wapi, mengine tukayapata jukwaani, maana mtazamaji wa kwetu hanyamazi: akikuuliza, umjibu, la sivyo umekwisha. Hilo ndilo nililowaonyesha wageni miaka yote niliyofanya kazi ya utamaduni katika ubalozi wetu ng'ambo, nikitabasamu mpaka taya zinauma. Na ndilo nililorudi kulifundisha chuoni.

Mkuu akaamua kwamba somo langu ni la kihuni. Kisha wakaja wageni wa ubalozi mmoja kutazama idara, akanipa sharti: wanafunzi wacheze mchezo wa mjane kwa Kifaransa, maneno ameyaandika yeye, wasiongeze hata moja. Wageni wakichoka, somo linafutwa. Nilikubali huku nimefura, kwa sababu ningekataa lingefutwa siku ile ile.

Ukumbi ulijaa wazazi. Msichana aliyecheza mjane alilia kwa Kifaransa chake safi, watu wakapiga miayo. Ndipo mama mmoja, muuza samaki wa ziwa Tshangalele, akamuuliza kwa sauti kutoka kitini pake: "Weye, unalia bwana ao unalia nyumba?"

Msichana akaganda. Jibu halikuwamo katika maneno ya mkuu. Akanitazama, nami nikatazama sakafu kama mjinga. Wageni wakaanza kuangaliana.

Jibu likatoka safu ya mbele, kwa sauti nyembamba ya kike niliyoijua vizuri mno.

"Nyumba, mama. Bwana alikuwaka kwa wengine, nyumba ndiyo ilibakiaka na miye."

Alikuwa mkuu mwenyewe, na tai yake shingoni. Nadhani yalimponyoka kabla hajajua. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, yule mama akauliza tena, na safari hii msichana akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili. Kuanzia hapo walicheza kama nilivyowafundisha. Mwishoni wageni walisimama kupiga makofi.

Asubuhi mkuu aliniita ofisini. Sikuketi. Akasema somo limefutwa, wageni wapende wasipende.

"Wanafunzi wananiita mujane," akasema. "Umefurahi sasa?"

Nilifurahi, kwa nini nidanganye. Nikamwambia kwamba katika miaka yake yote hajawahi kucheza vizuri kama jana. Akaanza kutabasamu, nilimwona kwa macho yangu. Kisha akashika tai yake, akainyoosha, akanionyesha mlango.