Mhitimu wa Katoni

Siku ya jaribio la kazi ya taipu tulikuwepo mimi, mdogo wangu wa kike, karani mkuu na askari aliyengoja kibali cha safari. Wakati huo wa vita, ofisi za Kamina zilihitaji watu wa kupiga taipu tu. Mdogo wangu alikuwa amehitimu kompyuta, kwa sifa kubwa, katika shule isiyo na umeme; wanafunzi walijifunzia kupiga herufi za kibodi zilizochorwa kwenye katoni. Vidole vyake vilikimbia ajabu juu ya taipureta ya mkono, lakini karatasi ikabaki nyeupe. Katoni haihitaji nguvu.

“Mama, huyu anapapasa mashine,” karani aliniambia. “Umufundishe kupiga.”

“Minyi niliachia masomo njiani, papa. Wenye diploma njo balimufundisha.”

Kazi akapewa mwingine. Mbuzi ambaye mjomba wetu alimuuza ili anikopeshe ada ya elimu hiyo, hadi leo sijamrudisha.