Mama Mkwe Aliyekataa Uji Wangu

Mama mkwe wangu alivunjika mikono yote miwili mbele ya lango langu, Jumamosi aliyokuja kumwona mjukuu wake mchanga. Alikuwa ametoka Masara, kwenye machimbo ya dhahabu, alfajiri, akabadilisha gari Migori, na alipofika Rangwe akapanda bodaboda hadi kwetu. Mvua ilikuwa imenyesha. Aliposhuka kwenye pikipiki mguu ukateleza kwenye tope, akatanguliza viganja. Jioni ile alikuwa amelazwa katika wodi ya wanawake Homa Bay, mikono imefungwa hadi juu ya viwiko, na daktari akatuambia mkono wa kulia ungefanyiwa upasuaji Jumatano.

Wa kumhudumia nilikuwa mimi tu. Mke wangu alikuwa amejifungua kwa upasuaji na mshono ulikuwa haujakauka. Shemeji yangu, mwana wa pekee wa yule mama, alikuwa amevuka kwenda Tanzania kutafuta machimbo mengine ya dhahabu, na simu yake haikupatikana. Dada yake mama mkwe aliahidi kufika Alhamisi. Kwa hiyo kuanzia Jumapili hadi Alhamisi, mtu wa kumlisha mama asiye na mikono alikuwa ni mkwe wake wa kiume.

Kwetu sisi Wajaluo hilo si jambo dogo. Mama mkwe, ambaye tunamwita maro, hagusani na mkwewe. Hawali pamoja, hawakodoleani macho, na hakuna anayelala nyumbani kwa mwenzake. Nilikuwa nimemwoa binti yake miaka kumi na moja na sikuwahi hata siku moja kumwona yule mama akitafuna. Anayevunja mwiko huo hupatwa na chira, ile laana inayomkondesha mtu hadi aishe.

Mimi ni mzee wa kanisa na ninafundisha darasa la kipaimara. Ulimi wangu hauna mfupa, na hasira zangu ziko karibu kuliko kofia yangu. Darasani nilikuwa nimezoea kuikejeli chira mbele ya vijana, wakacheka, nami nikafurahi kuchekesha. Basi ajali ile ilipotokea, nisikufiche, pamoja na huruma niliona pia nafasi. Nilimpigia simu mwenyekiti wa wazee kumwomba udhuru wa ibada ya Jumapili, nikamweleza kwa kirefu kwamba naenda kumlisha mama mkwe kwa mikono yangu mwenyewe. Angetosheka na neno moja kuwa nina mgonjwa, lakini nilitaka watu wajue.

Mke wangu alipika uji wa wimbi na samaki wa kuchemsha akiwa amekaa kwenye kiti, akautia uji kwenye chupa ya chai, akanikabidhi. Kama ningemtazama vizuri usoni ningeelewa mapema. Nilikuwa na haraka ya kuwahi saa za kuona wagonjwa.

Nilivuta stuli karibu na kitanda, nikamimina uji kikombeni, nikachota kijiko. Mama akageuza uso ukutani na kusema hana njaa. Nilimweleza taratibu kwamba Yesu mwenyewe aliwaosha wanafunzi wake miguu, kwa hiyo kijiko cha uji si kitu cha kuonea haya. Akatikisa kichwa kukubali habari za Yesu, midomo akaifunga. Nikarudi Rangwe na chupa iliyojaa. Njiani nilijisemea kwamba mzee amezoea giza, atazoea na mwanga.

Jumatatu ikawa vilevile. Muuguzi aliniambia kwamba asubuhi alikuwa amempa chai kwa mrija, na vijiko viwili vya mkate uliolowekwa, kisha akaitwa kwingine. Wauguzi walikuwa wawili kwa wodi nzima. Alisema mama anadhoofika, na asipokula vizuri daktari ataahirisha upasuaji, na mfupa ukianza kuunga vibaya mkono ule huenda usiweze tena kushika jembe. Nilipousikia huo wasiwasi nikautia kwenye hasira, kama kawaida yangu.

Nilisimama kando ya kitanda. Nilianza kwa Dholuo, kisha nikahamia Kiswahili, kama mtu anayetafuta mashahidi. Nilisema mimi nimeokoka. Nilisema mambo ya miiko tuliyaacha zamani, na kwamba mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi. Halafu nikafumba macho na kuomba kwa sauti iliyofika kitanda cha mwisho, nikimsihi Mungu amwondolee mama huyu roho ya ukaidi.

Nilifumbua macho. Mama mkwe alikuwa analia, na hakuwa na mkono wa kufuta machozi. Mimi nilikuwa nayo miwili na sikujua niifanyie nini. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu utotoni.

Kwenye kitanda cha pili alilala mama mmoja Mwislamu, mtu wa Pwani, mwenye duka la leso na mapazia pale mjini. Mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwa vyuma, na alikuwa na wiki ya tatu hapo. Alijitanda ushungi wake vizuri, akaniambia kwa upole kwamba Idi bado iko mbali, nisiwe na pupa. Wanawake wawili wakacheka, na hata mimi nikataka kucheka. Kisha akasema, "Baba, mlete kwangu. Yeye hana mikono, mimi sina miguu. Uache uji hapa, nawe utoke nje utusitiri."

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa tayari ameanza kuteremsha miguu kitandani.

Hatua zilikuwa nne tu kutoka kitanda kimoja hadi kingine, nami nilikuwa nimekaa pale siku mbili nikihubiri bila kuziona. Nilisimama barazani, nikalipa dirisha mgongo, nikawasikia. Yule mama wa Pwani alisema bismillahi, mama mkwe akaitikia amina. Kisha kijiko kikaanza kugonga kikombe, tena na tena, upesi upesi, mpaka kikakwangua chini. Nilifurahi, na papo hapo nikaona wivu. Mimi ndiye niliyetoka Rangwe na chupa, mimi ndiye mzee wa kanisa, na sadaka yangu ilikuwa imepokelewa kwa mkono wa mtu mwingine.

Jumanne nilileta chakula cha watu wawili. Mwenye duka alisema samaki wetu anamtosha mradi asipikwe na kitu kilicho haramu kwake, nikamwapia kwamba kwangu nguruwe hajawahi kukanyaga. Nilimchotea maji, nikaenda dukani kwake kumletea leso safi, nikarudi barazani kuwapa mgongo. Mama mkwe alikula mara mbili siku hiyo. Daktari akapita, akampima, akasema kesho ataingia chumba cha upasuaji.

Jumatano nilipofika mchana kitanda chake kilikuwa kitupu, ameshapelekwa chumba cha upasuaji. Sikuwa na la kufanya. Nikamwuliza mama wa Pwani, ili tu niseme kitu, kama mgonjwa wangu aliamka vizuri. Akasema vizuri sana, walizungumza tangu alfajiri. Kiswahili cha mama mkwe wangu ni cha sokoni, cha kuuzia njugu na viazi kwa wachimbaji, lakini walikuwa wameelewana.

Nikasema nashukuru, maana mama yule ni mgumu na miiko yake imempofusha. Mwenye duka alikunja ncha ya leso, akaikunjua. Halafu akasema kuna neno alikuwa ameambiwa, na hakujua kama ni siri, ila aliona ni haki yangu kulisikia. Alikuwa amemwuliza mama mkwe, kwa nini ujitese na njaa na mkweo anakubembeleza? Akanirudishia jibu lake jinsi alivyolisikia.

"Njaa nilisikia, mama, hata usiku sikulala. Lakini chira haishikangi mtu mkubwa kwanza. Inaanzanga na mtoto mdogo. Nikikula kwa mkono ya baba yake, halafu hiyo katoto igonjeke, nitaambia msichana yangu nini?"

Nilikaa kwenye ile stuli. Mambo ya chira siyaamini, na sikuanza kuyaamini siku ile. Lakini yeye aliyaamini kwa moyo wake wote, na kwa imani hiyo alikuwa amelala siku mbili na njaa, huku chupa ya uji ikifuka mvuke puani pake, ili mtoto wangu apone. Na mimi nilisimama juu yake nikamwombea aache ukaidi, watu wote wakisikia. Miaka yote niliyofundisha habari za upendo usiotafuta mambo yake wenyewe, sikuwahi kuuona kwa karibu namna hiyo, na nilipouona niliukemea.

Walimrudisha yapata saa kumi, mkono umefungwa upya, macho mazito kwa dawa. Muuguzi alisema mambo yamekwenda sawa. Mama alifumbua macho, akaniona, akageuza uso upande wa ukuta kama inavyompasa. Nami nikageuza wangu upande wa mlango, kwa mara ya kwanza bila kulazimishwa na mtu. Kisha akauliza, kwa sauti ya kukwaruza, kama mtoto ananyonya.

Nikamwambia ananyonya vizuri, na kwamba usiku uliopita aliamka kunyonya tu, akalala tena. Akashusha pumzi. Nilitaka kumwomba msamaha, nikafungua kinywa, kikatoka kilio badala ya maneno. Nililia nimeelekea mlangoni, mtu mzima, mbele ya wodi nzima. Wengine walinitazama. Mama mkwe wangu, kwa heshima yake kwangu, hakugeuka.