Mimi Hakuna Aliyenipa Pole

Miaka ile hospitali zilipoanza kudai kila mtu achangie matibabu, wagonjwa wakawa wanarudishwa nyumbani kufa. Usharika wetu wa kanisa pale Sakina ukatukusanya akina mama wachache, ukatufundisha kusafisha vidonda, kumgeuza mgonjwa, kumnywesha uji kwa kijiko. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina mtoto mmoja wa kike. Baba yake simwandiki hapa, hastahili.

Mwanzoni nililia. Alipokufa dereva mmoja wa malori nililia mpaka mama yake akanipa kanga nijifute, yeye mfiwa ananibembeleza mimi. Baadaye machozi yakakata. Mtu akifa namfunga taya, namnyoosha miguu, nanawa, naenda nyumba inayofuata. Kwenye semina wakanisimamisha: igeni kwa huyu, halii ovyo. Wakanipigia makofi. Mimi nilikuwa nafikiria sabuni imeisha.

Alasiri moja nilirudi nikamkuta mwanangu uani na mwanasesere wake wa matambara, kamlaza juu ya gunia.

"Shikamoo bibi. Umekula? Haya, geuka huku."

Sauti aliyoitoa ilikuwa yangu, ile kavu. Akamfuta mdomo, akamtazama kidogo. "Bibi amekufa." Akamfunika kwa jani la mgomba, akasimama, akajipangusa magoti.

"Humlilii?" nikamuuliza.

"Mama, wengine wananisubiri."

Nilisubiri niumie, kama mtu anavyosubiri chafya. Haikuja. Hapo ndipo nikaogopa. Huyu naye siku akiugua, nitamgeuza tu na kumfuta mdomo?

Kesho yake sikwenda kazini. Nesi msimamizi wetu, mama mtu mzima, akaja mwenyewe mpaka mlangoni.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kuna mgonjwa Usa River anakungoja tangu asubuhi. Unaumwa?"

"Nimefiwa."

Akashika kifua. "Jamani. Na nani?"

"Na wote. Yule dereva. Yule binti wa shamba la maua. Yule bibi wa juzi. Ndugu zao mliwapa pole, mkakaa nao matanga. Mimi mliniambia nikafue glavu."

"Lakini mwanangu, wale si ndugu zako."

"Basi ndugu zao wakawaoshe."

Nilijua nimemkosea adabu, na sikujali. Hasira ndiyo kitu pekee nilichokuwa bado nakisikia mwilini. Nesi akamtuma jirani yangu akamwite mama mwingine aende Usa River, akavua viatu, akaingia, akakaa chini kwenye mkeka kama watu wanavyokaa msibani.

"Pole kwa msiba," akasema.

"Asante."

Mwanangu akaja na mwanasesere wake, akajipenyeza katikati yetu.

"Bado amekufa huyo?" nesi akamuuliza.

"Bado."

Tukakaa. Machozi hayakuja. Lakini siku hiyo sikuinuka kwenda kwa mtu yeyote.