Penye Shida Aliandika Hakuna

Juzi kwenye treni ya kutoka Doonside, kitongoji cha huku ughaibuni, binti wa Kikongo aliyevaa sare ya kutunza wazee aliteremsha barakoa akamwambia mamake, "Chuo cha udaktari wamenikataa. Alama zangu za mwaka jana ziko chini."

"Hukuwaambia ulikuwa unaosha wagonjwa wa korona, zamu mbili kwa siku?"

"Fomu iliuliza kama nilipata shida. Niliandika hakuna."

"Hakuna?" Mama akajipiga paja.

"Sasa Mama, shida si tuliziacha kule kambi ya wakimbizi? Ile ilikuwa kazi."

Nilichemka. Yaani waliojifungia na vitabu wamepita, huyu aliyeshika mikono ya wanaokata roho ameachwa, na hakuna hata mmoja pale ofisini aliyeinua simu kumuuliza alikuwa wapi! Mimi nikilazwa, nileteeni huyohuyo, na alama zake za chini.