Nakala ya Kesi ya Mjomba

Nilikuwa na miaka ishirini, sijafanya jambo lolote la maana, na nilijiona ndiye mtu pekee Mji wa Kale anayejua kuiandikia serikali barua. Kiingereza nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu cha sarufi kilichokosa jalada na kurasa za mwanzo, hata nikawa nayajua mambo ya katikati bila kuyajua ya mwanzoni. Hakuna aliyeniomba niwe mjuzi. Nilijiteua. Kwa hiyo mjomba aliponijia na shida yake, sikumwacha hata amalize kuieleza.

Mjomba, ndugu yake mama, alikuwa dereva wa lori, na wakati huo hakuwa na lori. Tajiri wake wa zamani alikuwa amehamia bara na magari yake yote. Mjomba alikuwa na watoto wanne, na tangu malori yale yaondoke, watoto hao walikuwa wakila kwetu. Mama aliibadilisha sufuria tu, ikawa kubwa zaidi.

Sasa palikuwa na tajiri mwingine huko Kilindini, Mwislamu wa Kihindi mwenye malori matatu ya kuchukua mizigo bandarini, naye alikuwa tayari kumwandika mjomba. Lakini dereva mwingine aliyeitaka kazi hiyo alimnong'oneza yule tajiri kwamba mjomba alishawahi kupelekwa kortini kwa kumgonga mtu. Neno hilo lilikuwa nusu ya kweli. Mjomba alishitakiwa mwaka uliotangulia kwa kuendesha ovyo, karibu na Makupa, kisha akaachiliwa. Tajiri hakutaka maneno ya huyu wala ya yule. Alitaka nakala ya kesi kutoka kortini, yenye muhuri, na mwisho ulikuwa Jumamosi ya wiki ya pili. Ikipita Jumamosi, lori atapewa yule mwingine.

"Nenda kortini ukaulize," mjomba aliniambia. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. "Sema tu unataka karatasi ya kesi yangu."

"Mjomba, serikali haiulizwi. Huandikiwa."

Alinitazama. "Basi iandikie. Lakini fanya upesi."

Sikufanya upesi. Barua ile ilinichukua siku nne. Ya kwanza niliichana kwa sababu ya tone la wino lisilozidi kichwa cha sisimizi. Ya pili mistari ilipanda kidogo upande wa kulia. Ile sentensi ya kufungia, ya mtu kujiita mtumishi wako mtiifu, niliibadilisha mara sita, kwa kuwa sikuwa na hakika kama mtu asiyeajiriwa na serikali anaruhusiwa kuwa mtiifu kiasi hicho. Mama alipita akaniona nimeinama, vidole vyeusi, karatasi zilizochanwa zimenizunguka.

"Barua hii ni ya korti au ya posa?" akauliza.

Nilimjibu kwamba mambo ya kisheria yanataka utulivu. Nakumbuka nilivyolitamka neno "kisheria". Natamani nisingelikumbuka.

Kabla ya kuandika nilikuwa nimemhoji mjomba kama wakili wa serikali. Namba ya lori. Rangi yake. Saa ngapi. Lilikuwa likitoka wapi, likienda wapi. Alijibu yote kwa subira, akitafuna tambuu. Kisha nikamuuliza kesi ilisikizwa tarehe gani.

"Siku ya pili ya Maulidi. Mwezi wa Mfungo Sita, siku ya kumi na tatu. Sisahau, maana nilikuwa sikulala, nikapiga miayo mbele ya hakimu, akaniuliza kama ananichosha."

"Siku gani ya wiki?"

"Hapo umenishinda. Nilikuwa nikimtazama hakimu, sikutazama kalenda."

Mtu mwenye akili angemwambia karani kwamba kesi ilikuwa siku za Maulidi, mwaka jana, halafu akamwachia kazi yake. Mimi nilikwenda kwenye duka moja la vitambaa ambalo mwenyewe hatupi kitu, nikaomba kuona kalenda ya mwaka uliopita. Ilikuwa kalenda nzuri, imechapwa ng'ambo, miezi ya Kiislamu na ya Kizungu imepangwa bega kwa bega. Nikaweka kidole kwenye Mfungo Sita, nikateremka hadi kumi na tatu, nikavuka upande wa pili, nikapata Jumanne na tarehe yake. Nikahakikisha mara tatu. Mwenye duka akaniuliza kama nataka kununua kitu au nimekuja kusali.

Tarehe hiyo niliiandika kwenye barua, kisha nikaongeza sentensi niliyoipenda kuliko zote. Nilisema kwamba juu ya tarehe hakuna shaka yoyote, kwa hiyo karani mheshimiwa hana haja ya kujisumbua kufunua ukurasa mwingine wowote wa daftari lake. Niliisoma sentensi hiyo kwa sauti chumbani peke yangu. Zaidi ya mara moja.

Jumatatu niliipeleka. Karani alikuwa mtu wa pwani, makamo, kanzu na koti, miwani imeshuka hadi katikati ya pua.

"Sabalkheri, mwanangu. Wataka nini?"

Nilimpa bahasha kwa mikono miwili. Akaisoma barua yote, taratibu, akageuza nyuma kuona kama kuna zaidi.

"Umeandika wewe?"

"Ndiyo, bwana."

"Na Kiswahili wakijua?"

"Nakijua, bwana."

"Basi ungesema tu." Akaiweka juu ya rundo. "Njoo keshokutwa."

Keshokutwa, yaani Jumatano, nilifika kabla mlango haujafunguliwa. Karani akanipa karatasi iliyopigwa taipu, ina sahihi na muhuri wa buluu. Ilisema kwamba daftari la tarehe niliyoitaja limetazamwa, na hakuna kesi yoyote iliyoonekana dhidi ya mtu huyo.

"Lakini kesi ilikuwepo," nikasema.

"Yawezekana. Siku hiyo haikuwepo."

"Huenda iko ukurasa wa pili?"

Akanitazama juu ya miwani. "Umeandika nisifunue ukurasa mwingine. Sikufunua. Umeniandikia, nami nimekujibu."

Kutoka kortini hadi nyumbani si mbali, lakini siku ile nilizunguka vichochoro vyote ili nichelewe kufika. Mjomba alikuwa ameketi barazani akinisubiri. Nikamsomea karatasi. Nilitazamia hasira. Yeye uso ukamng'aa.

"Rudia hapo."

"Hakuna kesi yoyote iliyoonekana."

"Na muhuri upo?"

"Upo."

"Basi kazi imekwisha. Hii ni bora kuliko ile. Ile ingesema nilikwenda nikaachiliwa. Hii yasema sikwenda kabisa."

"Mjomba, hii inasema hukushitakiwa siku ambayo hukushitakiwa. Karatasi kama hii hata kadhi anaweza kupewa. Hata mama."

"Na tajiri atajuaje?"

Nakiri kwamba kwa muda, pengine muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa, niliona tumeokoka, mimi hasa. Hakuna ambaye angejua nimekosea. Mjomba aliikunja karatasi, akaitia mfuko wa kanzu, akaitoa tena. Akauangalia muhuri. Watoto wake wawili walikuwa mlangoni wakigombania mkia wa samaki.

"Uwongo wenye muhuri ni uwongo tu," akasema mwishowe, akanirudishia. "Tafuta ile yenyewe. Zimebaki siku tatu."

Mama ndiye aliyelipata kosa. Alikuwa akichambua mchele, akaniuliza hiyo tarehe niliipata wapi. Nikamweleza habari ya kalenda, safu mbili, bega kwa bega. Mikono yake ikasimama.

"Imechapwa wapi?"

"Ng'ambo."

"Na waliochapa ndio waliotuandamishia mwezi?" Akaendelea na mchele wake. "Mwaka jana mwezi wa Mfungo Sita haukuonekana. Kulikuwa na mawingu, tukatimiza siku thelathini za Mfungo Tano. Nakumbuka vizuri, maana nilikuwa nimeshaahidi kwenda kupika Maulidini, mambo yote yakasogea siku moja. Wewe mwenyewe ulikuwepo. Ulilalamika."

Nililalamika, ni kweli. Niliishi katika mwezi ule, nikala wali wa siku ile, kisha nikaamini karatasi ya dukani kuliko tumbo langu.

Alhamisi nilikwenda kortini mbio, bila barua, bila hata kalamu. "Bwana," nikamwambia karani, "nimekosea. Ni siku ya pili yake, Jumatano."

Akavuta daftari, akafunua ukurasa mmoja. Mmoja tu. Akaweka kidole. "Huyu hapa. Kesi za magari husikizwa Jumatano. Jumanne hazisikizwi. Ungeniuliza ningekwambia."

Nikamuuliza kama nakala itakuwa tayari kabla ya Jumamosi.

"Sema kwa nini."

Nikamweleza, kwa Kiswahili, kwa maneno kama ishirini: mjomba, lori, watoto. Akatikisa kichwa. "Hili ndilo ungeandika. Njoo Jumamosi asubuhi."

Jumamosi hiyo, kabla ya saa sita, mimi na mjomba tulikuwa ofisini kwa tajiri, chumba kidogo mbele ya bohari, kinanuka gunia na kahawa mbichi. Tajiri aliipokea nakala, akavaa miwani, akaanza kusoma. Kiingereza alikijua vizuri kunishinda. Hilo halikunizuia kusimama pembeni yake tayari kufasiri.

"Kesi imefutwa," akasema. "Vizuri."

Hapo ndipo pa kunyamaza. Mtu yeyote angenyamaza. Lakini mimi nilikuwa nimeisoma nakala ile mara nyingi njiani, na niliona tajiri hakuielewa kwa ukamilifu.

"Kwa uaminifu, tajiri," nikasema, "karatasi haisemi kwamba hakuna aliyegongwa. Inasema mlalamikaji aliitwa mara tatu, hakutokea, kwa hiyo kesi ikafutwa. Hayo ni mambo mawili tofauti."

Mjomba alinitazama kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyeingia msikitini.

Tajiri akavua miwani. "Kweli. Ni mambo mawili. Kwa nini hakutokea? Alipewa kitu? Alitishwa?"

"Kuhusu hilo," nikaanza, "daftari halina..."

"Muulize mwenyewe," mjomba akanikatiza. "Yuko hapo nje. Anapakia magunia yako."

Tajiri akaita. Akaingia hamali mmoja, kifua wazi, mabega yamejaa vumbi la unga. Alipomwona mjomba akacheka.

"Kumbe hukuhamia bara na malori."

"Wamjua huyu?" tajiri akamuuliza.

"Sana. Alinivunjia mkokoteni. Mimi mwenyewe niliruka, sikuguswa."

"Kwa nini hukwenda kortini?"

"Kufanya nini, tajiri? Alishanitengenezea gurudumu. Alikuja kwangu na nyundo yake, siku tatu, tukala pamoja. La sasa ni imara kuliko la kwanza. Siku ya kesi nilikuwa na mzigo wa kupeleka."

"Lakini alikuwa akiendesha ovyo."

Hamali akajikuna shingo. "Tajiri, mimi ndiye niliyekuwa upande wake wa barabara. Ila polisi hakuniuliza mimi. Aliandika tu."

Tajiri akaitia nakala kwenye mtoto wa meza bila kuitazama tena. Akamwambia mjomba lori la pili limeshapakiwa, linakwenda Makupa, na kama yuko tayari aanze sasa hivi. Kisha akaninyooshea kidole. "Dereva namtaka. Wakili wake abaki nyumbani."

Nje, mjomba akilizunguka lori kutazama matairi, nilimuuliza kwa nini hakuniambia habari ya hamali tangu mwanzo.

"Uliniuliza namba ya lori, rangi, saa, na tarehe," akasema, akipiga tairi teke. "Hukuniuliza kilichotokea."

Alipanda, akauwasha moto mtambo, akaniinamia dirishani. "Haya, panda nikufikishe karibu na nyumbani. Jua kali."

Wiki ile nilikuwa nimesoma sheria za magari, zote, hata zile za magari ya kukokotwa na ng'ombe. Nikamwambia kwamba lori lenye leseni ya mizigo haliruhusiwi kumbeba mtu asiye mfanyakazi wa mwenye mizigo, na kwamba siku yake ya kwanza isiwe siku ya kesi yake ya pili.

Aliondoa lori polepole, kwa adabu. Nami nikaanza kutembea kutoka Kilindini hadi Mji wa Kale, saa sita ya mchana, kushoto mwa barabara, na kila nilipofika njia panda nilisimama kutazama kulia, kushoto, na kulia tena.